Gari la Dobi Si Basi la Shule

Mimi ni mtu wa ndani. Mume wangu huwaambia wageni kwamba mkewe anaijua Doha yote, kuanzia jikoni mpaka kibarazani, na wageni hucheka wakidhani ni utani. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na cheti kimoja na hamu kubwa ya kukaa, na Mungu si mchoyo, akanipa mume aliyepata kazi ya kusimamia walinzi kwenye hoteli moja ya West Bay, na nyumba Al Mansoura yenye kibaraza kinachotazama kichochoro. Kutoka hapo naliona duka la vyakula wanaloliita bakala, namwona kinyozi, nawaona na watu wote wanaofanya mambo wasiyotaka yaonekane. Sasa nitoke niende wapi?

Binti yetu alipoanza darasa la kwanza, shule ilikuwa upande wa Al Thumama, mbali kabisa, si mwendo wa mtoto, na kwa jua lile hata mtu mzima hatembei. Shule ilikuwa na mabasi yake lakini hakuna hata moja lililofika mitaa yetu. Mume wangu anatoka nyumbani kabla ya alfajiri. Mimi gari nalijua kwa kulitazama tu. Ndipo jirani mmoja, nesi wa Kikenya anayekaa ghorofa ya chini yetu, akaniambia kuna mtu wa Unguja ana gari jeupe, anachukua watoto wa mtaa wote, na binti wa nesi mwenyewe yumo. Watoto wanamwita Mjomba. Na sisi wazazi, kama tulivyozoea, tukawafuata watoto, naye akawa Mjomba kwetu sote. Yeye akaniita kwa jina la binti yangu, Mama Fulani, kama wanavyoniita watu wote. Tukaelewana. Kila asubuhi anapiga honi, namshusha mtoto hadi mlangoni, mlango wa gari unasukumwa, narudi kwenye chai yangu.

Mambo mawili tu yalikuwa yananikwaruza kidogo. La kwanza, gari lilikuwa na mapazia. Basi la watoto la nini mapazia? La pili, binti yangu alikuwa anarudi na harufu ya nguo zilizopigwa pasi. Si harufu ya mtoto aliyeshinda shule. Harufu ya shati la bosi.

Mtu wa ndani ana kawaida ya kuziweka shaka zake kama anavyoweka mifuko ya plastiki, anaikunja na kuisokomeza chini ya sinki mpaka kabati lijae.

Kabati lilijaa siku moja jioni nikimwogesha binti yangu. Alikuwa na povu kichwani, anaimba imba, mara akasimama wima akasema, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtoto anayesoma risala, "Hadha khali. Huyu ni mjomba wangu, kaka yake mama. Tunakwenda kwa bibi."

Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema Mjomba. Nikamuuliza kwa nini. Akasema wanafanya mazoezi kila siku wakifika kwenye taa, na anayekosea harudishiwi begi lake mpaka aseme vizuri.

Kwetu tumezaliwa wasichana watupu. Mama yangu alimtafuta mtoto wa kiume mpaka akachoka. Leo nimempata kaka, tena Doha, tena ana gari lenye mapazia, na anamfundisha mwanangu aseme anampeleka kwa bibi. Bibi gani? Bibi yake mmoja yuko Tanga, wa pili yuko Morogoro. Nilimwaga maji ya kichwa chote kwa mkupuo mmoja, mtoto akalia macho.

Usiku huo sikumwambia mume wangu. Nilimwambia wifi yangu.

Wifi yangu huyu, dada yake mume wangu, yuko Marekani, na kazi yake ni kuendesha basi la shule. Tangu aipate ile leseni hapumziki. Ukimwambia umepika wali, atakuuliza watoto walifunga mikanda wakati wa kula. Nikamrekodia ujumbe wa sauti, nikaeleza habari yote, mapazia, harufu, bibi. Alinijibu ujumbe mrefu, nikausikiliza nikiwa nakaanga samaki.

"Wifi yangu mkaa ndani," akaanza, "yaani umempa mtoto wa kaka yangu mtu mwenye mapazia. Haya. Nikuulize. Hilo gari lina kibao cha kusimamisha magari mengine ubavuni? Lina taa nyekundu za kuwaka na kuzima? Kuna mtu mzima wa kumvusha mtoto barabara, au anashushwa kama gunia la mkaa?"

Akaendelea. Kwao, anasema, gari likiwa limetengenezwa kubeba zaidi ya watu kumi, na kazi yake ni kupeleka wanafunzi shule, basi serikali kuu inalihesabu kuwa basi la shule, na halikubali uliite jina jingine. Serikali kuu inambana yule anayelitengeneza na yule anayeliuza: viti viwe na migongo mirefu iliyojazwa, mlango wa dharura uwepo, kibao na taa ziwepo. Halafu jimbo nalo linaingia na ya kwake: nani aruhusiwe kuendesha, magari mengine yasimame vipi watoto wakishuka, gari likaguliwe lini. Ukivuka mpaka ukaingia jimbo la pili, baadhi ya mambo yamebadilika, lakini basi ni lile lile.

"Kwa hiyo basi moja lina serikali mbili," nikamwambia nilipompigia.

"Ndiyo."

"Hata kwetu tuna serikali mbili, wifi. Ila sijawahi kusikia zikigombea basi."

"Cheka tu. Mimi hapa siwezi kumpakia hata mtoto wa jirani kwenye gari langu la nyumbani nikaliita basi la shule. Wewe muulize huyo kaka yako mpya, gari lake ni nini? Sheria ya huko inalijua kwa jina gani? Na kama ni halali, kwa nini anawafundisha watoto kusema uongo?"

Samaki wakaungua. Swali la mwisho lilikuwa swali zuri mno, na sikupenda litoke kwa wifi.

Kuanzia kesho yake nikawa askari wa kibarazani. Nililitazama lile gari lilivyosimama, lilivyoondoka, upande gani lilikunja. Mabasi ya shule ya Doha yanajulikana, hata mimi ninayeyaona kwenye simu tu nayajua: yameandikwa ubavuni kwa Kiarabu na Kiingereza, yana kibao kinachofunguka kama mkono, ndani kuna mwanamke mwenye fulana ya kung'aa anayewasimamia watoto, na kile kibao kikifunguka magari yote yanatakiwa yasimame. Gari la Mjomba halikuwa na neno lolote ubavuni. Lakini siku moja jua lilipolipiga vizuri nikaona kivuli cha maandishi yaliyobanduliwa, na pembeni yake picha iliyobaki nusu, picha ya pasi.

Nikamweleza mume wangu. Alikuwa amekaa miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana kazi yake ni kusimama kutwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu hakuuliza habari za sheria wala za bibi.

"Huyu kaka yako," akasema, "mmejuana lini?"

"Baba, mimi nakueleza mtoto."

"Na mimi nauliza mjomba. Mtu hasemi hivi hivi kwamba wewe ni dada yake."

"Kasema hivyo kwa mama wa Kikenya pia. Kasema hivyo kwa wote. Ana dada mtaa mzima."

Akaitikisa miguu yake ndani ya maji. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa. Tukimtoa mtoto kwenye gari lile, mtoto hana njia nyingine ya kufika shule. Na yule mtu akikamatwa anabeba watoto kwa malipo bila kibali, anaweza kurudishwa kwao. "Kwa hiyo kabla hujapiga kelele," akasema, "jua unachokipigia kelele."

Nikajua namna moja tu ya kujua. Asubuhi ya Jumapili nilivaa baibui, nikafunga ushungi, nikashuka na binti yangu, na mlango wa gari uliposukumwa nikapanda mimi kwanza.

Mjomba alinitazama kwenye kioo. "Alaa. Mama Fulani. Leo umetoka nje? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kumtembelea kaka yangu."

Alikohoa. Akaliondoa gari.

Ndani kulikuwa safi, sitaki kumsingizia mtu. Lakini juu kulikuwa na bomba la chuma lenye kulabu, na nyuma kabisa mashati yaliyopigwa pasi yalikuwa yamening'inia ndani ya nailoni, yanayumba kila kona kama abiria wasio na miguu. Gari la dobi. Asubuhi linabeba watoto, kutwa linabeba suruali za watu. Viti viliongezwa baadaye, nilivyoona mimi, maana havikufanana. Watoto walikuwa saba. Mikanda haikutosha, na mabinti wawili wadogo, wa nesi wa Kikenya na wa mama mmoja wa Pemba, walikuwa wamefungwa pamoja kwa mkanda mmoja, mmoja ana msalaba mdogo shingoni, mwenzake ana ushungi wa shule, wamebanana kama mkate na yai.

"Mjomba," nikamwita, "hawa wote ni wapwa zako?"

"Dada yangu, usinitafute maneno asubuhi."

"Nauliza tu, niwajue dada zangu."

"Kibali nimeomba," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwenye duka la dobi anasema bado bado. Mie nifanyeje? Watoto wasiende skuli? Hayo maneno nawafundisha ili siku wakiulizwa wasilie. Mtoto akilia, askari anadhani nimemwiba."

Jibu lile lilikuwa na akili ndani yake, na ndiyo maana lilizidi kunitia wasiwasi. Mtu aliyekwisha kufikiria askari atadhani nini amefikiria mengi.

Tulikuwa karibu na mzunguko wa mwisho kabla ya shule, foleni imesimama, askari wa barabarani akaja taratibu upande wetu. Nilimwona ananyoosha kidole chini, kwenye mlango. Baadaye nilikuja kuelewa. Mkanda wa begi la mtoto mmoja ulikuwa umebanwa na mlango, kipande chake kinaburuzika nje. Alikuja kutwambia hilo tu, mtu mwema. Angesema, tungefungua, tungefunga, tungekwenda.

Lakini dirisha liliposhuka, kabla hajafungua mdomo, watoto saba wakakaa wima kwenye viti vyao na kusema kwa pamoja, kwa sauti ya gwaride, "Hadha khali!"

Askari akaingiza kichwa. Akatazama msalaba, akatazama ushungi, akatazama mtoto wa darasa la pili ambaye baba yake ni Msudani na rangi yake ni yake peke yake. Akatazama mashati.

"Wote?" akauliza kwa Kiarabu.

"Wote!" wakaitika, na mmoja akaongeza kwamba wanakwenda kwa bibi. Wamevaa sare ya shule, na shule iko hapo mbele.

Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani na cha bakala, lakini yaliyofuata niliyaelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Akamuuliza Mjomba mimi ni nani. Mjomba akasema, dada yangu. Anaitwa nani? Mjomba akanitazama kwenye kioo, na nikaona kwenye yale macho mtu anayetafuta kitu mfukoni akijua hakukiweka. Akasema, "Umm Fulani," kwa jina la binti yangu. Askari akatikisa kichwa kukubali. Kwao pia mama huitwa hivyo hivyo. Nikapumua. Akaomba kadi zetu za ukaazi. Akazisoma zote mbili, moja mkono huu, moja mkono huu.

"Baba zenu si mmoja."

"Mama mmoja," Mjomba akasema haraka.

Askari akanigeukia. "Kaka yako anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Namba ya gari lake ninaijua kwa moyo. Namba yake ya simu nimeiandika "Gari Mjomba". Najua anapenda kupiga honi mara mbili fupi, najua anakunywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, najua amebandua picha ya pasi. Jina lake silijui. Sijawahi kuliuliza. Kila asubuhi, tangu shule ilipofunguliwa, nilikuwa namchukua mwanangu wa pekee, naye akiwa bado na usingizi, namkabidhi kwa mtu ambaye sijui anaitwa nani, halafu narudi juu kumshuku kupitia pazia.

Binti yangu alikuwa ananitazama. Yeye sehemu yake aliisema vizuri. Alikuwa anangoja niseme ya kwangu.

Ningeweza kusema jina lolote. Kadi ilikuwa mkononi kwa askari, ningeshikwa papo hapo, lakini ningeweza. Nikawatazama wale wawili wa mkanda mmoja. Nikasema, "Si kaka yangu. Jina lake silijui. Anatubebea watoto kwenda shule, kwa sababu basi la shule halifiki kwetu."

Mjomba hakugeuka. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, mahali ambapo inaonekana.

Askari akarudi kwenye gari lake, akaliweka mbele yetu, akawasha taa zake nyekundu na buluu, akatuongoza mpaka getini, na magari yote yakasimama kutupisha. Watoto walifurahi kupita kiasi. Binti yangu aliniambia ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Watoto walipokwisha kuingia ndani, askari alimchukua Mjomba na gari lake, na mimi nikarudi nyumbani kwa teksi nikijifunika uso bila sababu yoyote ya dini.

Jioni simu yangu ilikuwa ya moto. Nesi wa Kikenya, ambaye zamu yake inaanza jua halijatoka, alinitumia sauti. "Wee mama, mimi sijui nikuambie nini. Si ungenyamaza tu? Kesho nani ananipelekea mtoi shule? Ama nimbebe niende naye kazini, wodi?" Yule wa Pemba alitoka tu kwenye kundi la WhatsApp, na hilo lilikuwa kali zaidi. Wifi yangu alisema nilifanya sawa kisheria. Nikamwambia sheria ije basi imvalishe mtoto soksi.

Mume wangu alibadilishana zamu mara kadhaa akampeleka yeye, akachoka, bosi akachoka naye. Zikaja siku mtoto akabaki nyumbani. Alivaa sare yake yote, akakaa kwenye kochi, begi mgongoni, akingojea honi ambayo nilishamwambia haitapigwa.

Mjomba alipiga simu mwenyewe siku moja mchana. Hakurudishwa kwao. Mwenye duka la dobi aliitwa, viti vikang'olewa, sasa anabeba mashati peke yake. "Ingekuwa mie, dada, nisingesema," akaniambia.

"Najua."

"Basi ilimradi ujue." Halafu akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, kama mtu anayemwandikisha karani, akakata simu kabla sijamtajia la kwangu.

Nesi akanifuata mlangoni. "Ni wewe ulivunja," akasema, "ni wewe utatengeneza." Akanishika mkono tukaenda shuleni, mimi nimetoka nje mara ya pili kwa mwezi mmoja. Mama wa ofisini alitusikiliza, akatuambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuuliza. Basi la mitaa yetu lipo. Limeegeshwa nyuma ya ukuta. Dereva yupo. Lakini haliruhusiwi kutembea na watoto wadogo bila mwanamke wa kuwasimamia ndani, na wanawake wanaoletwa wanaacha kazi. Kelele, akasema. Matapishi.

Akanitazama. Nesi akanitazama.

"Huyu anapenda sana kuangalia watu," nesi akasema. "Mpe."

Karatasi za kibali zilichukua muda wake, lakini zilikwisha. Walinifundisha kuwavusha watoto mbele ya basi pale dereva anapowaona, kamwe si nyuma. Kila mmoja na mkanda wake. Hakuna wa kusimama. Waliopanda wahesabiwe, walioshuka wahesabiwe. Swali langu la kwanza kwa dereva, mzee wa Kinepali, lilikuwa jina lake kamili, na nikaomba nione leseni. Alidhani mimi ni mkaguzi.

Na kuna kazi ya mwisho, ambayo mkufunzi aliirudia mpaka tukachoka. Watoto wote wakishashuka, msimamizi anatembea mpaka kiti cha nyuma kabisa, anatazama kila kiti, juu na chini, ndipo basi lifungwe. Mtoto hulala. Mtoto huteleza chini ya kiti akalala, na gari lililofungwa juani hapa Doha halimpi mtu nafasi ya pili.

Kwa hiyo kila asubuhi, kelele zikiisha, nakwenda nyuma. Dereva huwa ameshachoka, anataka chai. "Sister, nobody," ananiambia. Najua hakuna mtu. Nimewahesabu. Nimewaona wanaingia getini, wangu wa mwisho, haagi. Lakini hesabu ni yangu mwenyewe, na mimi najijua. Napiga magoti, nainama chini ya kiti cha mwisho, nashikilia chuma cha kiti, natazama.